Kumlea Retriva Mwanza: Anza na Mdomo Wake

Retriva ni mbwa aliyezalishwa kwa kazi moja. Mwindaji akimwangusha bata ziwani, mbwa aogelee, amwokote na kumrudisha bila kumtafuna. Labrador, mmoja wa retriva, anatokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, waliopelekwa Uingereza na kuendelezwa huko hadi aina hiyo ikatambuliwa rasmi mwaka 1903. Golden, retriva mwingine, alianza kuzalishwa Uskoti mwaka 1868. Wote wawili ni mbwa wa maji na wa mdomo. Kandambili zinazopotea mlangoni, kanga inayoburutwa kutoka kwenye kamba ya nguo, mikono ya watoto inayotafunwatafunwa, yote yanatoka hapo. Huwezi kumwondolea tabia ya kubeba vitu mdomoni. Unachoweza ni kumfundisha abebe nini na amletee nani.

Kabla hujamleta nyumbani

Kama unatafuta mbwa wa kutisha wezi, tafuta aina nyingine. Retriva atabweka geti likigongwa, kisha atampokea mgeni kwa mkia na kumletea kiatu. Pia ni mbwa mkubwa: dume huwa kilo 29 hadi 36, jike kilo 25 hadi 32, na anakula ipasavyo.

Mchukue akiwa na wiki nane. Wauzaji wengine humtoa akiwa na wiki tano kwa sababu ameanza kula mwenyewe, na mnunuzi hufurahi kupata kidogo zaidi cha kupakata. Hasara inaonekana baadaye. Kati ya wiki ya tano na ya nane ndipo ndugu zake humfundisha kupima nguvu ya meno: akimuuma mwenzake sana, mwenzake analia na mchezo unaisha. Aliyekosa somo hilo huja kulisomea kwa watoto wako.

Omba kumwona mama. Akiwa mwoga au mkali kupita kawaida, ondoka, hata kama watoto wake wanavutia. Mtazame anavyotembea, kwa sababu retriva hurithi ubovu wa nyonga na wa viwiko. Anayeyumba kiuno au kuruka kama sungura akikimbia hafai kuzalishwa. Kwa mtoto mwenyewe, angalia ufizi uwe wa waridi, masikio yasinuke, na tumbo lisiwe limevimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana, kwani hiyo ni minyoo.

Wanaokaa mlimani, Isamilo, Bugando, Mabatini na kwingine ambako nyumba inafikiwa kwa ngazi za mawe, wajiandae kumbeba. Viungo vya mbwa huyu haviishi kukomaa kabla ya mwaka mmoja, na kinachoviumiza zaidi ni kushuka ngazi kwa kasi na kuruka kutoka kwenye gari. Akishakuwa mzito wa kubebwa, mshushe polepole kwa kamba fupi.

Chakula

Labrador ana njaa isiyo ya kawaida, na sababu yake si malezi tu. Watafiti wa Cambridge walieleza mwaka 2016 kuwa karibu robo ya Labrador waliowapima walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, ambayo huhusika na mbwa kuhisi ameshiba. Kwa hiyo macho yake ya huruma yasiwe kipimo cha chakula. Kipimo ni mbavu. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Ukizihisi, yuko sawa. Ukilazimika kuzitafuta, punguza.

Wiki 8 hadi miezi 3 mpe milo minne kwa siku, hadi miezi 6 milo mitatu, baada ya hapo miwili. Kama pesa ya chakula cha dukani inatosha kwa kipindi kimoja tu, itumie mwaka wa kwanza, ununue kile cha watoto wa mbwa wa aina kubwa. Hapo ndipo chakula cha nyumbani hukosewa zaidi, na kosa si upungufu peke yake. Mtu anasikia "mifupa imara", anamwongezea chokaa ya mifugo au unga wa mifupa, na dagaa tayari wana mifupa yao. Kalisiamu ikizidi kwa mbwa mkubwa anayekua, mifupa inakua vibaya. Usimwongezee chochote bila daktari wa mifugo.

Kwa mbwa mzima wa kilo 30 anayefanya mazoezi ya kawaida, kipimo hiki cha siku nzima, kikigawanywa mara mbili, kinatosha kuanzia:

- chenga za mchele gramu 250, zikipimwa kabla ya kupikwa
- dagaa wakavu gramu 90
- utumbo au nyama ya ng'ombe gramu 150
- maini gramu 30
- mchicha, karoti au boga gramu 100
- mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai

Usitie chumvi wala kitunguu. Dagaa wetu wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, wasuguesugue, mwaga maji, rudia. Mchanga unaobaki chini ya sufuria ndio ambao ungeishia tumboni mwake. Mpime uzito kila mwezi na urekebishe chenga kwanza, kabla ya kugusa dagaa au nyama.

Mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, ni rahisi na yana nyama, lakini mifupa ya sangara hailainiki kwa kuchemsha. Chemsha, chambua nyama kwa mkono, mifupa itupe mahali asipofika. Yaliyokaangwa usimpe kabisa.

Sasa jambo ambalo huua mbwa wengi bila mwenyewe kujua. Mahindi yaliyovunda huwekwa kando "kwa ajili ya mbwa". Kuvu wa mahindi hutoa sumukuvu, na ini la mbwa halina nguvu nayo kabisa. Kupika hakuiondoi. Mbwa anaacha kula, anatapika, macho na ufizi vinageuka njano, na mara nyingi kwa wakati huo umeshachelewa. Unga ambao hungeula wewe, usimpikie.

Wiki za kwanza: choo na meno

Mtoe nje kila baada ya saa mbili, na pia mara anapoamka, dakika kumi hadi ishirini baada ya kula, na mchezo ukiisha. Mpeleke mahali palepale. Akimaliza, mpe dagaa mmoja papo hapo, si mkirudi ndani, maana akisubiri mlangoni atadhani amelipwa kwa kurudi. Akikojoa ndani, safisha kwa maji yenye siki. Kumpakaza pua kwenye mkojo ni desturi ya zamani ambayo haifundishi kitu zaidi ya kujificha. Mbwa wa namna hiyo ataanza kujisaidia nyuma ya kochi.

Kuuma kwa mchezo kutaendelea hadi meno ya kudumu yakamilike, karibu miezi sita au saba. Meno yakigusa ngozi, mchezo unakufa. Simama, kunja mikono, tazama pembeni sekunde ishirini. Kisha mpe kipande cha gunia kilichofungwa fundo. Watoto wafundishwe kusimama kama mti badala ya kukimbia wakipiga kelele, kwa sababu mtoto anayekimbia akipiga kelele ndiye mchezo bora kuliko yote.

Kipindi cha kumzoesha dunia hufungwa karibu na wiki ya kumi na nne hadi ya kumi na sita, na chanjo zake haziishi kabla ya hapo. Usimfungie ndani kungoja kadi. Mbebe. Akae mapajani karibu na kijiwe cha bodaboda, asikie adhana na kengele, aone mbuzi, kuku, mvua juu ya bati, wanafunzi wanaotoka shule. Asikanyage tu sehemu wanakopita mbwa wengine.

Maneno machache, yaleyale

Kaeni kama familia mchague maneno, kisha yabandikwe jikoni: *kaa, njoo, subiri, lete, toa*. Baba akisema "keti", bibi "kaa chini" na dada wa kazi "tulia", mbwa hana lugha ya kujifunza. Neno linasemwa mara moja. Ukisema "kaa, kaa, kaa", umemfundisha kukaa kwenye la tatu.

"Njoo" ina tatizo lake mtaani, maana kila mzazi analiita siku nzima. Nunua filimbi. Wiki ya kwanza ipulize mara tatu fupi wakati wa kuweka bakuli chini, basi. Wiki ya pili ipulize akiwa chumba kingine. Baadaye uwanjani. Kamwe usiitumie kumwita aje aogeshwe au afungwe mnyororo. Na jina: Simba ni wengi, ukiita mmoja wanageuka watatu.

Zawadi ya mafunzo ni dagaa waliokaushwa kikaangoni bila mafuta. Wana harufu, hawachafui mfuko, na mmoja ni kiasi kamili. Kiganja kimoja kwa siku, kikitolewa kwenye chakula chake.

Kufundisha kuokota

Tengeneza kifaa mwenyewe. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, tia maji robo, funga kifuniko kwa nguvu, izungushie gunia mara mbili na ushone kwa uzi wa nailoni. Fungia kamba ya manila ya sentimita 40 shingoni mwake ili uirushe mbali. Inaelea, haiumizi ufizi, na ikitoboka unashona nyingine. Maboya ya povu ya nyavu yanaelea vizuri zaidi, ila hung'atwa vipande na kumezwa, kisha utumbo unaziba. Chupa hii si ya kuchezea; mazoezi yakiisha inatundikwa juu, nawe uwe mwenye nayo.

1. Anza koridoni, milango imefungwa, wewe ukiwa upande wa kitanda chake. Rusha mita mbili tu. Njia ya kurudi ni moja nayo inapita kwako.
2. Akiokota, usimfuate. Geuka, tembea ukiondoka, chuchumaa, msifu. Mbwa hufuata kinachoondoka.
3. Akifika usikwapue. Msugue kifua sekunde tatu au nne akiwa bado ameshika, ndipo umwekee dagaa puani na kusema *toa*.
4. Mara tatu au nne, acha. Acha angali anataka zaidi. Mara ya kumi na tano ndiyo anayoiacha chupa katikati na kuondoka, na huo ndio unaokuwa mwisho anaoukumbuka.
5. Akirudisha mara tisa kati ya kumi, hamia uani ukiwa na kamba nyepesi ya mita kumi. Kamba si ya kumburuta. Ni ya kuzuia asigeuze mchezo kuwa mbio.
6. Kuanzia miezi mitano au sita ongeza *subiri*. Mshike kifuani, rusha, hesabu mbili, kisha *lete*. Polepole fika hesabu kumi bila kumshika. Anayeweza kungoja chupa ianguke ataweza kungoja mlango ufunguliwe na bakuli liwekwe.

Panapoharibika mara nyingi si kwenye hatua hizi, ni kwenye ile kandambili. Mbwa ameiokota, mtu anamfukuza uani mzima, anamkamata, anamchapa. Hajajifunza kwamba kandambili ni mwiko. Amejifunza kwamba kumkaribia mtu ukiwa na kitu mdomoni ni hatari, na kesho ataikimbia hata chupa. Akiiba kitu, chuchumaa, mwite, badilishana naye kwa dagaa, ukiweke kitu juu. Kisha ulizane nani aliacha viatu chini.

Akianza kutafuna chupa badala ya kuibeba, huwa anachoka au anaota meno. Kati ya miezi minne na sita wengine hutema kila kitu kwa sababu ufizi unauma. Pumzika wiki mbili, usilazimishe.

Ziwani

Usimtupe majini. Mbwa wa maji aliyetupwa majini huweza kuogopa maji maisha yote, na inasikitisha kumwona. Tafuta ufukwe wa mchanga unaoshuka taratibu, si mwamba. Siku ya kwanza rusha pale maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu, siku nyingine tumboni. Mita moja zaidi ya pale anapofika kwa miguu inatosha kumfanya aogelee bila kujijua. Kifaa cha mkanda wa kifuani kivuliwe, kinanasa.

Chagua saa kwa upepo. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, chupa inasukumwa kwenye kina na mbwa anaifuata, kwa sababu hajui kukata tamaa. Alasiri upepo hugeuka na kuleta vitu ufukweni. Saa kumi na moja jioni ni nzuri, na kabla ya saa kumi na mbili muwe mmeondoka, kwani jua likizama mamba husogea. Kaa mbali kabisa na midomo ya mito, mafunjo na matete, saa yoyote. Waulize wavuvi wa mwalo huo, pale wanapoegesha mitumbwi. Wao ndio wanaojua mamba alionekana lini na nyavu zimetegwa wapi. Kwenye mialo yenyewe tazama chini: ndoana yenye kipande cha samaki ni kitu atakachomeza bila kufikiri. Ikiingia, usivute uzi. Ukate, uache sentimita kama ishirini zikining'inia, mkimbilie daktari.

Maji yakiwa ya kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, au yana utando wenye harufu, rudini nyumbani. Ghuba ya Mwanza hupata mwani huo wa sumu, na mbwa huumia kuliko mtu kwa sababu anayanywa akiogelea na kujilamba akitoka. Kutapika, kuyumba au degedege baada ya kuogelea ni dharura ya dakika hiyo. Magugumaji nayo yakijaa, ahirisha. Mbwa hunasa miguu na hawezi kugeuka.

Wewe unayerusha simama pakavu. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono. Hatari zaidi ni watoto, ambao wakimwona mbwa anaogelea watavua viatu kumfuata. Mmoja wa watu wazima awe na kazi ya kuwazuia, si wote mtazame mbwa.

Mkifika nyumbani msuuze kwa maji safi, mfute masikio kwa kitambaa kikavu hadi pale kidole kinapofika. Masikio yaliyolala na unyevu huleta uchafu wa kahawia wenye harufu ya chachu. Kesho yake mkia ukining'inia kama kamba iliyolowa na akilia ukiugusa, haujavunjika. Ni misuli ya mkia iliyochoka kwa kuogelea. Hupona kwa kupumzika siku chache.

Afya kwa ufupi

Chanjo ya mseto dhidi ya parvo, distempa na homa ya ini huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Ofisi ya mifugo ya kata ndiyo ya kuuliza kama kuna chanjo za bure. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi wiki 12, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi mitatu.

Kupe watafute kila jioni, katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Homa, ufizi mweupe, damu puani au mkojo wa rangi ya chai kavu ni ugonjwa wa kupe na hausubiri Jumatatu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpimie kwa macho.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, mkielekea kwa daktari. Mazoezi yawe saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, au jioni. Miamba na lami hushika moto: weka mgongo wa kiganja sekunde saba, ukishindwa na yeye hawezi. Mbwa wa kilo 30 anahitaji lita moja na nusu hadi tatu za maji kwa siku.

Anapobalehe

Kati ya miezi saba na kumi na minne mbwa aliyekuwa anajua kila kitu ataonekana amesahau. Atasikia filimbi, atakutazama, ataendelea kunusa. Atamrukia jirani aliyevaa kanzu anayeelekea msikitini, ambaye mate ya mbwa yatamrudisha nyumbani kubadili nguo. Atajaribu kuku. Rudisha kamba ya mita kumi, rudi koridoni wiki mbili, rusha mara tatu tu kwa siku, na usipulize filimbi kama hujashika ncha ya kamba. Nje ya geti awe na kamba fupi hata akiwa mpole kiasi gani, na mkikutana na mtu mwambie *kaa*, mpe chupa aishike mdomoni hadi mtu apite. Mbwa mwenye chupa mdomoni habweki, haokoti kuku, na mara nyingi husahau kuruka.

Kama mnafikiria kumhasi, ngojeni mwaka upite ili mifupa iwe imemaliza kukua. Jike huanza kuhitaji dume kwa mara ya kwanza kuanzia miezi sita na kuendelea, na madume wa mtaa mzima watajua kabla yenu. Geti lifungwe wiki tatu kamili, na ziwani asiende.